Ngano Imeiva Narok, Mimi Niko Nairobi: Nivune Sasa au Nisubiri?

*"Daktari, salamu. Mimi ni binti wa kwanza katika familia yetu na ninafanya kazi Nairobi. Tangu Baba apooze upande mmoja mwaka jana, shamba letu la ngano la ekari 20 kule Narok liko mikononi mwangu, ingawa wanaoishi huko ni Mama na mdogo wangu wa kiume. Ngano yote imegeuka rangi ya dhahabu. Mwenye kombaini anasema avune Jumamosi hii, la sivyo tumngoje wiki mbili. Jirani anasema bado ni mbichi. Broka amekuja mara mbili, anatoa shilingi 4,300 kwa gunia, achukue hapo hapo shambani kama ilivyo. Mwaka jana tulipata magunia 240, tukakodi lori hadi kiwandani, wakatukata kwa ajili ya unyevu mpaka nikajuta. Shemeji ananiambia tuiweke ghalani, bei itapanda kama ya mahindi. Je, nivune sasa? Nimuuzie nani? Nimechoka kubahatisha, na pesa hizi ndizo za matibabu ya Baba."*

Pole sana, dada yangu, kwa ugonjwa wa Mzee, na pole kwa mzigo uliokuangukia. Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeuliza kuhusu kuvuna, kuuza na kuhifadhi, lakini naona maswali hayo yote yamefungwa kwa kamba moja: hakuna mtu katika familia yenu anayejua unyevu wala uzito wa ngano yenu. Mwenye kombaini anakadiria kwa macho. Jirani anakadiria kwa mazoea. Wanaopima ni wawili tu, broka mwenye mizani yake na kiwanda chenye maabara yake, na anayepima ndiye anayepanga bei. Kwa hiyo sitakuambia "vuna" au "subiri" nikiwa hapa mezani. Nitakueleza jinsi ya kupima, halafu kipimo hicho kikujibu.

Tuanze na hiyo rangi ya dhahabu, maana imewadanganya wengi. Ngano hukoma kujaza punje zake mapema kuliko watu wanavyodhani, unyevu wa punje ukiwa bado asilimia 35 hivi au zaidi kidogo. Utaijua hatua hiyo kwa shingo ya suke, pale chini kidogo ya suke lenyewe: ikishapoteza ukijani, chakula hakipandi tena. Tangu siku hiyo punje haiongezeki uzito hata kidogo. Kinachoendelea ni kupoteza maji. Shamba linaweza kuwa la dhahabu likiwa na unyevu wa asilimia 25, na likabaki la dhahabu vilevile likiwa na 13. Macho hayaoni tofauti hiyo. Kucha inasaidia kidogo: ukibonyeza punje ikabaki na alama, bado. Jino linasaidia zaidi: punje kavu hupasuka kwa mlio, ile yenye maji hutafunika kimya kimya. Lakini jino halikuambii kama ni 14 au 17, na kati ya namba hizo mbili ndipo zilipopotelea pesa zenu za mwaka jana.

Unahitaji kipima unyevu. Vile vidogo vya kushika mkononi vinauzwa hapa Nairobi kwenye maduka ya vifaa vya kilimo, na kwa shamba la ekari 20 kinarudisha gharama yake msimu mmoja. Ukishindwa kununua, muulize afisa wa kilimo wa wadi yenu au depo ya Halmashauri ya Nafaka, NCPB, iliyo karibu. Mara nyingi wanacho na hupima sampuli ya mkulima. Mdogo wako asichume suke moja la ukingoni mwa shamba. Atembee shamba lote kwa njia ya kupindapinda, achume masuke sehemu kumi au zaidi, mabondeni na mwinukoni, ayapukuchue, apepete, achanganye, kisha apime mara tatu na kuchukua wastani. Na apime saa saba au saa nane mchana. Ngano hunywa umande usiku na kuutoa mchana. Kipimo cha saa moja asubuhi kinaweza kuwa juu kwa pointi kadhaa kuliko cha alasiri katika shamba hilo hilo. Huenda hata ubishi wa jirani na mwenye kombaini umetoka hapo, mmoja kapita asubuhi na mwingine jioni.

Kama kipimo hakipatikani kabisa, kuna njia ya chumvi. Anika chumvi juani mpaka ikauke vizuri, ijaze robo ya chupa ya kioo iliyo kavu, ongeza ngano mpaka nusu, funga, tikisa kwa dakika moja na uiache itulie kwa muda. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isipoganda, uko chini ya hapo. Njia hii haikupi namba ya kumwonyesha mnunuzi, ila inakuzuia kupakia lori la maji.

Sasa, ukiwa na namba mkononi. Wasagishaji wengi wanataka ngano yenye unyevu wa asilimia 13 hadi 13.5. Ikiwa yenu iko 14 au chini, mwambie mwenye kombaini aje Jumamosi na avune yote. Ikiwa kati ya 14 na 16, vuna endapo mvua inanukia au umeshapata mahali pa kukaushia. Kama anga ni jeupe na kuna upepo, siku tatu nne za subira zitakufaa. Ngano iliyosimama hupoteza takriban pointi moja kwa siku ya jua kali, wakati mwingine zaidi. Ikiwa imezidi 16, mimi nisingevuna Jumamosi bila kikaushio kilichokubaliwa mapema, hata mwenye kombaini akinuna. Na ikifika 18 na zaidi, kuna hasara nyingine: mashine huziponda punje laini, nyingine hubaki zimeng'ang'ania kwenye makapi na kutupwa nje.

Najua utajiuliza, si nivune tu halafu tuanike? Hapa ndipo familia nyingi huumia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Magunia 240 ya kilo 90 ni tani 21.6. Ukitaka ikauke bila kuoza, uitandaze kwa unene usiozidi sentimita tano na kuigeuza mara kwa mara. Kwa unene huo mnahitaji zaidi ya mita za mraba 570, eneo kubwa kuliko uwanja wa mpira wa vikapu. Hayo ni maturubai kumi na mawili ya mita sita kwa nane, na ya kuyakunja yote kwa haraka wingu likitanda. Mama na kijana mmoja hawawezi. Watakachofanya, kama nilivyoona kwa watu wengi wazuri na wachapakazi, ni kuirundika chini ya turubai wakisubiri jua la kesho. Ngano yenye maji ikirundikwa hupumua. Kupumua kunatoa joto na maji zaidi, na ukungu hushamiri. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye boma moja siku ya tatu baada ya mavuno. Nilipozamisha mkono hadi kwenye kiwiko ndani ya rundo nilihisi joto kama la uji. Yule mzee aliniuliza kama inaweza kuokolewa. Nusu yake haikuokoleka, na ile harufu ya uvundo haikutoka hata baada ya kukauka. Sijasahau sura yake.

Msianike barabarani wala kwenye murram. Changarawe na mafuta ya magari vitaingia, na kiwanda kitakata kwa uchafu badala ya unyevu. Mkipata kikaushio cha NCPB au cha mtu binafsi, waambieni mapema kuwa ni ngano ya kusaga, ili joto la punje lisizidi nyuzi 60 hivi za Selisiasi. Likizidi, protini inayofanya unga uvutike huharibika, na mwokaji hatapata mkate unaoumuka. Ile ya mbegu isivuke nyuzi 43, la sivyo haitaota.

Upande wa pili wa mizani ni hatari ya kusubiri, na jirani yako asiipuuze. Ngano kavu iliyosimama hupukutika kwa upepo, ndege aina ya kwelea kwelea huja kwa makundi, na mabua hulala. Kubwa kuliko yote ni mvua. Punje iliyokauka ikiloweshwa huvimba, ikikauka tena hubaki na ngozi iliyokunjamana, na kwa sababu hiyo kipimo kilekile cha ujazo hubeba uzito mdogo zaidi. Mvua ikikaa siku kadhaa, punje zinaanza kuamka. Ndani yake kinatoka kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja wanga ili kulisha chipukizi, na huanza kazi hiyo kabla hujaona mzizi wowote. Unga wa ngano kama hiyo hufanya mkate wenye nyama ya kunata ndani. Maabara ya kiwanda hulipima hilo kwa kuangalia sekunde ambazo kijiti huchukua kuzama kwenye uji wa ngano hiyo. Uji ukiwa mwepesi kijiti huzama haraka, na ngano yako inashushwa kuwa chakula cha mifugo. Kukausha hakurudishi wanga uliokwisha liwa. Kwa hiyo, kama watabiri wa hali ya hewa wanasema mvua ya siku nyingi inakuja wiki ijayo na kipimo chako ni 16, afadhali uvune na ulipie kikaushio kuliko kuiacha iloe.

Njia ya katikati ambayo ningependa uifikirie ni kuvuna kwa vipande. Shamba la ekari 20 halikauki kwa siku moja. Mwinuko wenye udongo mwepesi hutangulia bonde. Zungumza na majirani wawili au watatu walio na ngano ya rika moja, mumpe mwenye kombaini ekari za kutosha akae eneo lenu siku nne au tano. Mashine haipendi kusafiri kwa ajili ya ekari 20, lakini kwa ekari 80 itakaa. Aanze na mwinuko wenu, aende kwa jirani, arudi bondeni. Mpe malipo ya awali kidogo kushika nafasi, na yaandikwe.

Na kuhusu huyo mwenye kombaini: ukimlipa kwa ekari, faida yake iko kwenye mwendo wa haraka, na mwendo wa haraka humwaga ngano. Sisemi ni mwizi. Ndivyo malipo yalivyomwelekeza. Dawa yake ni mdogo wako kutembea nyuma ya mashine na fremu ya waya ya nusu mita kwa nusu mita. Ailaze chini sehemu nne au tano kwa upana wote wa mkato, ikiwemo pale yanapoangukia majani, ahesabu punje zilizolala ndani ya fremu, achukue wastani. Kabla mashine haijapita ahesabu pia zile zilizopukutika zenyewe, azitoe. Punje 25 ndani ya fremu hiyo ni kama kilo 14 na nusu kwa ekari, na mvunaji mzuri anaweza kushusha hasara hadi hapo. Ukikuta punje 155, mmemwaga gunia zima kwa kila ekari. Kwa ekari 20 ni magunia 20. Mwambie dereva kwa heshima apunguze mwendo, kisha mhesabu tena. Punje zilizopasuka zikiwa nyingi kwenye tangi, ngoma ya kupukuchulia inazunguka kwa kasi mno. Masuke yakitoka na punje zake, inazunguka polepole mno au imeachana sana na kizuizi chake. Dereva mzoefu atakuelewa kwa sentensi moja. Asianze kazi kabla ya saa nne au saa tano asubuhi, umande uishe.

Jambo dogo linalosahaulika: Narok ina shayiri nyingi. Kama mashine imetoka shamba la shayiri, isafishwe kabla haijaingia kwenu, na gunia la kwanza liwekwe kando. Shayiri kwenye ngano ni sababu halali ya kushushiwa daraja.

Sasa tuje kwenye kukatwa. Unasema kiwanda kiliwakata mpaka ukajuta. Inawezekana walionea, inawezekana hawakuonea. Hesabu ndiyo itakayosema. Ngano yako ina kitu kikavu na maji. Kitu kikavu hakibadiliki, yanayopungua ni maji. Magunia 240 yenye unyevu wa asilimia 18 yana sehemu kavu 82 katika kila mia. Ukiyakausha hadi 13, sehemu kavu inakuwa 87 katika mia. Zidisha 240 kwa 82, gawanya kwa 87: unabaki na magunia 226. Magunia 14 yalikuwa maji, na hakuna mtu anayelipia maji kwa bei ya ngano. Kwa kukariri tu, kila pointi moja ya unyevu juu ya 13 ni takriban asilimia 1.15 ya uzito. Toa ile karatasi ya mwaka jana. Kama mlikuwa na 16 na mkakatwa asilimia tatu na nusu, hiyo ni haki. Kama mlikatwa asilimia nane, dai maelezo, maana gharama ya kukausha huongeza kidogo lakini si kiasi hicho, na mwaka huu uliza jedwali la makato kabla lori halijawashwa.

Kuhusu broka. Sitamtukana, kuna misimu ambapo yeye peke yake ndiye anayefika na pesa taslimu siku mtoto anatakiwa shule. Lakini linganisha bei mbili kwa kipimo kimoja. Tuchukue mfano, ukaweke namba zako halisi. Kiwanda kinatoa 5,000 kwa gunia la kilo 90 likifikishwa. Toa usafiri 250, kupakia na kushusha 60, gunia lenyewe 50, ushuru wa kaunti 40: unabaki na 4,600. Tuseme ngano ni asilimia 15, pointi mbili juu, toa kama 115. Umebaki na 4,485. Broka anatoa 4,300, na tofauti ya 185 inaonekana ndogo kuliko usumbufu. Lakini gunia lake lina kilo ngapi? Lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi, haipo kwenye viazi peke yake. Kama "gunia" lake linabeba kilo 95, basi kwa kila kilo 90 anakulipa 4,074. Tofauti halisi ni 411, na kwa magunia 240 ni zaidi ya shilingi 98,000. Hizo ni siku nyingi za mazoezi ya viungo vya Mzee. Ukimuuzia broka, uza kwa kilo, kwa mizani mliyoijaribu kwa uzito unaojulikana, mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa unatosha, na ngano isipakiwe kabla pesa haijaingia.

Kiwanda nacho kina ubaya wake, na ni haki nikuambie. Wengine hulipa baada ya wiki kadhaa, ilhali kombaini, wapakiaji na lori wanataka pesa siku hiyo hiyo. Lori likikataliwa langoni, gharama ya lori kulala hapo ni yako. Ndiyo maana nasema usipeleke lori kabla ya sampuli, na hapa una bahati ambayo wakulima wengi hawana: unakaa Nairobi. Viwanda vingi vya kusaga viko Eneo la Viwanda na pembezoni mwa jiji. Mdogo wako achome magunia mengi kwa bomba la kuchukulia sampuli, moja katika kila matano angalau, achanganye, atoe kilo sita, azigawe kwa mifuko mitatu isiyopitisha hewa, aandike tarehe na kuisaini. Mmoja ubaki nyumbani, mmoja ukae kwako, mmoja uupeleke mwenyewe kwenye maabara ya kiwanda. Uliza unyevu, uzito kwa ujazo, uchafu, punje zilizoota na protini. Omba majibu kwa maandishi. Nenda viwanda viwili au vitatu. Lori likifika na namba zikawa tofauti sana, una sampuli iliyosainiwa ya kuweka mezani. Mtu mwenye sampuli huongeleshwa kwa sauti nyingine.

Uliza pia kama wananunua kwa mpango wa ngano ya ndani. Kenya huagiza zaidi ya robo tatu ya ngano inayokula, nyingi ikitoka Urusi, Ukraine na Argentina. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa ngano ya nje ni asilimia 35, lakini kwa miaka mingi wasagishaji wa Kenya waliosajiliwa wameruhusiwa kulipa asilimia 10, na serikali imekuwa ikiwataka wanunue ya wakulima wetu pamoja na hiyo. Wakati wa mavuno wao wenyewe wanahitaji ngano ya Narok kwenye hesabu zao. Wakulima walioandikishwa, hasa kupitia ushirika au chama, hupata nafasi kwenye foleni; anayejitokeza langoni peke yake husubiri.

Hilo linanileta kwa shemeji yako. Anaongea kwa nia njema, lakini ngano haifuati njia ya mahindi. Mahindi tunalima mengi ya kwetu. Ghala zikipungua kabla ya mavuno mengine, bei hupanda. Ngano ikipungua Narok, meli hutia nanga Mombasa. Bei yako imefungwa kwenye bei ya dunia, thamani ya shilingi na ushuru, na hakuna hata moja kati ya hayo linalojua mwezi wa mavuno yenu. Februari 2022 Urusi ilipovamia Ukraine, bei ya ngano duniani ilipaa, na aliyekuwa na ngano ghalani alifurahi. Kufikia Agosti bei hizo za dunia zilikuwa zimerudi karibu na zilipokuwa kabla ya vita. Aliyeweka akiba kwa bahati alivuna bahati. Wewe una bili za hospitali.

Kuweka kwa wiki chache ili kukwepa msongamano wa mavuno ni jambo la busara, ikiwa ngano imefika 13, magunia yako juu ya mbao na mbali na ukuta, na paa halivuji. Mifuko isiyopitisha hewa huua fukusi kwa kuwanyima pumzi, bila dawa. Kuweka miezi kadhaa kwa kutegemea bei, sikushauri mwaka huu. Kama mnahitaji pesa sasa lakini hamtaki kuuza wakati bei imebanwa, ulizeni kuhusu stakabadhi ya ghala, mfumo uliowekewa sheria mwaka 2019: ngano inapimwa na kuhifadhiwa katika ghala lenye leseni, unapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Piga hesabu ya kodi ya ghala na riba kabla ya kusaini.

Na neno moja ambalo nakuomba umwambie Mama kwa simu leo. Vile vidonge vya kufukizia nafaka, vinavyotoa gesi ya fosfini, visiingie nyumba wanamolala watu, wala chumba kinachopakana nayo kwa ukuta au dari. Gesi hiyo hupenya nyufa na huua watu usingizini. Kufukiza ni kazi ya mtu mwenye leseni.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Mkikuta punje za waridi au nyeupe kama chokaa, ukungu, au harufu ya uvundo, msizichanganye na nzuri wala msiwape ng'ombe wa maziwa. Zipelekeni zipimwe sumu ya kuvu. Kwa aflatoksini kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na jicho halikioni. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Njoro, ambako ngano imefanyiwa utafiti tangu enzi za ukoloni, ndicho mahali pa kuuliza kuhusu ubora na aina ya mbegu. Kama mabua yalikuwa na vidonda vya ugonjwa wa kutu ya shina msimu huu, peleka sampuli huko kabla ya kuchagua mbegu ya mwakani. Na jambo la kifamilia: kama shamba, akaunti ya benki au usajili wa mkulima uko kwa jina la Mzee, pateni wakili au msaidizi wa sheria sasa, yeye akiwa bado anaweza kusikia na kuidhinisha. Nimeona malipo ya ngano yakikaa kiwandani kwa sababu saini haikulingana.

Nenda Narok Ijumaa ukiweza, na kipimo mkobani. Kaa na Mzee kwanza. Hata kama ulimi wake ni mzito, miaka yote ameijua ardhi hiyo. Muulize ni sehemu gani hukauka ya kwanza, atakuonyesha kwa mkono. Anzeni kupima hapo, saa saba mchana, kisha mpigieni mwenye kombaini.